Chupa Namba Saba

Kloraidi ya njano sehemu mbili, ya kijani moja,
na maji yaliyochemka mpaka yakaishiwa pumzi.
Upepo wa Agosti unapanda kilima cha Chimwaga
na udongo wake mwekundu, unagonga dirisha la maabara
kama mdai.
Chilewa kaziba nyufa kwa gazeti la juzi.
"Adui zetu wawili," anasema, "hewa na haraka."

Nadondosha amonia. Tone.
Tone.
Macho yananichonyota, pua inachuruzika,
mara, bila kupiga hodi,
weusi.
Si wa masizi, si wa wino:
weusi unaoitika ukiitwa.
Naegemeza sumaku ubavuni mwa bika
na usiku wote unahamia upande mmoja,
maji yanabaki maangavu, hayana habari.

Sumaku hii niliing'oa kwenye spika ya redio ya baba,
Kondoa, nina miaka tisa.
Niliiburuza kwa uzi kwenye mchanga wa korongo
ikaota ndevu.
Redio ilinichapisha fimbo.
Ndevu nilizificha ndani ya kibiriti,
sikujua kuwa zina jina: magnetaiti.

Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu: kahawia kama kutu ya bati,
mtungi wa naitrojeni ulituishia njiani.
Ya nne, umeme ulikatika ikiwa ndani ya oveni.
Ya tano niliimwaga mwenyewe.
Ya sita tusiizungumze.

Ya saba ilipanda basi kwenda Dar, nimeivika soksi,
maana mashine yetu ya eksirei ina miezi mitano
inangoja kipuri.
Leo karatasi imerudi. Mlima mmoja mrefu
kwenye nyuzi thelathini na tano na nusu,
vilima vidogo pembeni.
Nikaupima mlima kiuno,
kwani kadiri kiuno kinavyonenepa
ndivyo punje inavyokuwa ndogo.
Nikagawa. Nikagawa tena, siamini.
Nanomita kumi na moja.
Chilewa hakusema kitu, alikwenda kununua soda mbili.

Jioni nikampigia dada yangu Mwasiti, Singida,
ambaye wanawe hucheka na kiganja mdomoni
kwa meno yaliyopakwa rangi na maji ya kisima.
Nikamweleza mlima, kiuno, kumi na moja.
"Sasa hilo vumbi lako," akauliza,
"litaitoa lini hiyo floraidi?"
Nikamwambia sijui, hata kupima sijaanza.
Akanyamaza kidogo,
akaniuliza kama nimekula.