Orofa ya Nne

Dada wa kwanza alipoolewa
baba aliinua orofa.
Wa pili, akapitisha wikio juu ya kichochoro,
Mkomani yote ikapata kivuli.
Wa tatu alipopata yake,
fundi Famau aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akategea sikio:
"Bwana, matumbawe haya yamechoka."

Mimi ni wa nne.
Chumba changu kimebaki hewani,
baina ya tangi la maji na mwezi.
Tumepanga Kashmiri, bati, mlango mmoja.

Leo muuguzi amenitia kijiti mkononi,
chini ya ngozi. Miaka mitano.
Mavyaa akiuliza, sitaficha:
uzazi sikuukataa.
Ninaye mmoja, anatambaa.
Sakafu yake ndiyo kwanza naitafuta.