Niulize Kwanza

Chumba chetu kipo ghorofani, Wete. Dirisha linatazama
magunia ya karafuu yanayopimwa kwa kelele.
Humu tunanakili kanda na diski za watu,
Shaame na mimi, feni moja, kompyuta moja,
na ugomvi mmoja usiokwisha.

Ugomvi wenyewe ni huu:
zipo diski zilizofichwa kitu.
Fundi aliyezirekodi aliichukua biti ya mwisho,
ile ya chini kabisa, ambayo sikio haliidai,
akaandika humo maagizo:
hapa nimeminya, hapa nyanyua.
Redio ya kawaida hupita juu yake
kama mgeni anavyopita mbele ya kanga ya Mize
akaona maua tu.

Programu mpya iliuliza, siku tuliyoiweka:
Fumbua daima. Niulize. Usifumbue.
Shaame anataka daima.
"Siri imeandikwa isomwe. Nani hupokea barua
akaiacha na gundi yake?"
Nami nasema, na zile zisizo na siri, Shaame?
Juzi mashine iliona vumbi ikadhani wito,
ikainyanyua kasida ya watoto wa madrasa ya Jadida
mpaka ikapayuka.
Nikamkumbuka jirani yetu wa zamani
aliyesoma kila kanga kuwa katukanwa yeye,
hata zilizo dukani, bado doti, hazijakatwa.

Alasiri moja akaja Bi Bikombo wa Mtambwe,
diski ndani ya mfuko wa sukari:
fidla ya marehemu Mbarouk, ilirekodiwa Maskati.
Miaka ishirini na mbili kaisikiliza jikoni
kwenye redio ya spika moja, nayo imepasuka.
Taa ndogo ikawaka kwenye kioo: ipo siri.
Shaame akanyoosha kidole. Nikamshika mkono.

Nikamwekea kwanza ile anayoijua.
Akatikisa kichwa, pale pale pa kutikisa.
Kisha iliyofumbuliwa.
Ikaanza chini, chini zaidi,
kama mtu aliyevua viatu mlangoni,
halafu uta ukapanda, bati la paa likawa mbali,
na baina ya noti mbili tukasikia
pua. Mbarouk anavuta hewa kabla ya kupanda.

Bi Bikombo akauvuta ushungi mpaka midomoni.
Feni ikazunguka. Huko chini wakaita kilo.
"Hakuwa akihema hivi," alisema.
Halafu: "Au alikuwa akihema, mimi nikikaanga."

Alilipia nakala zote mbili.
Ya zamani akaitia mfukoni, na sukari iliyobaki.
"Hii nyingine kaa nayo. Nitakuja siku nitakayoitaka."

Hajaja. Ipo juu ya kabati, nimeiandika jina.
Kwenye programu alama nimeitia katikati,
na kila nikishuka kuswali
Shaame anaihamisha,
na kila nikipanda
naikuta, nairudisha, hatusemi kitu.