Kidonge cha Saa Tatu

Mume wangu Mbwarali ni fundi wa mifereji.
Kibokoni nzima humwita maji yakigoma.
Akikata bomba kuukuu hunionyesha ndani:
"Tazama, Mwanatumu, chumvi ya visima vyetu,
imeganda ukuta kwa ukuta,
imebakisha tundu la sindano."
Hucheka, akalitupa uani.

Alhamisi ile alishika kikombe, kikombe kikamshinda.
Chai mkekani. Mdomo upande.
Aliniita, likatoka jina lisilo langu
wala la mtu yeyote.
Jirani wakasema ni upepo, afukizwe.
Mimi nikamtia tuktuk, mbio hadi Makadara.

Daktari Dzame akatuchorea kwa kalamu:
mshipa wa ubongo, mafuta kutani,
kipande cha damu kimekwama penye wembamba.
Mbwarali akatazama, na kwa nusu ya mdomo
akasema neno lake la kwanza tangu Alhamisi:
"Mfe... reji."

Asprini ya asubuhi. Ya usiku, atovastatini.
"Hii hairudishi mkono," Dzame alituambia.
"Hii ni ya kiharusi ambacho hakijaja."

Mwezi wa nne mkono ukarudi nusu,
na ubishi ukarudi wote.
"Siumwi, nameza nini? Mapaja yaniuma.
Pesa hizo si ni kilo ya changu?"
Nilipogeuza mto kufua foronya
vikamwagika vidonge kumi na kimoja,
vyeupe, kama meno ya mtoto.

Sikugomba.
Nilitoka uani, nikaokota bomba,
nikamwekea kwenye sinia, kando ya wali.
Akatia kidole. Hakikupita.
Tukala kimya.
Kesho yake alimweleza Dzame habari ya mapaja;
akapimwa damu, akabadilishiwa kipimo.

Sasa shoga zangu huniuliza:
na hiyo dawa, imefanya nini?
Nawaambia, hakuna.
Jana hakuna. Juzi hakuna.
Mwaka na miezi miwili ya hakuna,
nami naihesabu kama mahari.

Saa tatu. Ganda la dawa linalia, tik.
Maji yanakwenda kooni, nayasikiliza.
Kisha ananiita, na jina langu linakuja
kama bomba baada ya mgao:
kwanza hewa,
halafu kutu,
halafu maji.