Nani Alikata Kiazi?

Kidato cha pili, mkondo C, Mbagala Kuu,
wanafunzi themanini na mmoja, viazi vitano.
Nafundisha baiolojia kwa Kiingereza cha kitabuni,
kisha narudishia mlango, naifundisha upya kwa Kiswahili,
maana mtihani hauna huruma, ila mimi ninayo kidogo.

Mwantumu Likwembe aliandika ripoti yake hivi:
“Mimi na Kassiani tulimenya kiazi,
tukakikata vipande, tukavitosa kwenye maji ya chumvi.
Kassiani akataka kuonja, nikamkatalia.
Asubuhi tukavikuta vimelegea
kama mtu aliyeamka na homa.”

Nilicheka. Halafu nikashika kalamu nyekundu,
ndiyo kazi ninayolipwa.
Nikamfuta Kassiani. Nikaifuta homa.
Juu ya “tukakikata” nikaandika “kilikatwa”.

Nikawaambia: sayansi haiulizi nani,
inauliza nini, kiasi gani, kwa muda gani.
Tangulizeni lengo, vifaa vifuate, kisha hatua,
na mlichokiona kije kabla ya mnachokidhani.
Mwalimu Ndimbo wa historia anataka “kwa sababu” na “licha ya”;
wa hisabati anataka “ikiwa” na “basi”, katikati pasipite hata sisimizi.
Kila somo na adabu yake.
Msibani huingii na salamu za harusini.

Mwantumu akanyoosha mkono.
“Sawa, kiazi kimekatwa. Na aliyekata?”
“Hayupo.”
“Kaenda wapi?”

Darasa likaangua kicheko. Nikamwonyesha ubaoni:
w, ndogo, imejibana kabla ya a ya mwisho,
inammeza mtu mzima na kisu chake.
Akainakili pembezoni mwa daftari,
akaipigia mstari mara mbili.
Nilijua ameelewa. Sikujua ameelewa nini.

Machi, wiki ya tatu, nyumba za bondeni kwao
ziliamka na alama ya X,
nyekundu kushinda kalamu yangu,
na karatasi kwenye nguzo ya umeme:
“Mnajulishwa kuwa nyumba zilizotajwa zitabomolewa
baada ya siku thelathini, kama ilivyoelekezwa.”

Alikuja nayo darasani ameikunja mara nne.
Alikuwa ameyazungushia duara:
mnajulishwa,
zilizotajwa,
zitabomolewa,
ilivyoelekezwa.
“Maneno manne, mwalimu,” akasema,
“na hakuna mtu hata mmoja.”

Somo la siku ile lilikuwa mmeng'enyo wa chakula.
Hatukulisoma.

Tuliandika barua. Dai likakaa juu, sentensi moja tu.
Chini yake ushahidi: risiti za kodi ya jengo za miaka tisa,
bibi yake alizitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga,
bado zinanukia.
Kassiani alikwenda na futi kamba,
akapima toka ukingo wa barabara hadi msingi wa nyumba,
mara tatu, akachora jedwali, akaandika na wastani
bila kuambiwa.
Ndimbo alileta “licha ya” zake mbili, tukamrudishia moja.
Na pale nilipozoea kufuta, safari hii niliacha:
mimi, bibi yangu, sisi,
tulinunua, tulijenga, tulilipa.
Mwisho wa barua, swali: nani ameelekeza?

Nikamwambia, hapa homa yako ingefaa,
waone mnavyolala macho.
Akakataa.
“Hii si ya kuhurumiwa, mwalimu. Ni ya kujibiwa.”

Jibu lilifika siku ya ishirini na tatu,
bahasha ya kaki, mhuri wa buluu, mstari mmoja.
Aliniletea wakati wa mapumziko,
andazi mkononi, hajaliuma.
“Barua yako imepokelewa.”

Tulisimama pale, kengele ikalia, hatukuingia.
Kisha akanyoosha kiganja,
akaniomba kalamu nyekundu.