Nafsi ya Kwanza, Umoja

Daftari la kurasa thelathini na mbili,
jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Nililinunua Kongowea kwa pesa
ambazo naweza kueleza zilikotoka.
Hilo nililiandika juu kabisa, kama bismillahi.

Kisha nikaandika:
Cherehani ya mama ilipotea.
Karo ya Mishi ilitumika.
Kidani cha shangazi kilionekana mara ya mwisho Idi.
Mabati ya Bwana Shee yaling'oka.

Bi Zamzam wa zahanati ya Kisauni
alisomesha lugha kabla ya kuwa mshauri.
Alisoma miwani puani, kalamu nyekundu sikioni,
sisi tukiwa kwenye foleni ya dawa:
taja jina, kunywa, fungua kinywa tuone.
"Cherehani hii," akasema, "ina miguu.
Minne, ya chuma. Lakini haitembei.
Nani kaibeba?"

Nje, muuza mahamri aligombana na mtu juu ya chenji.
Nilisikiliza ugomvi ule kwa makini sana.

Akapiga mstari chini ya i-, chini ya ki-, chini ya ya-.
"Ngeli zote wazijua, mwanangu.
Moja tu unaikimbia."

Nikavuka daraja la Nyali kwa miguu,
nikaketi Majengo juu ya kreti ya soda.
Ni-.
Silabi moja. Mtoto huitamka kabla ya magego.
Kalamu ikakataa.
Hapana. Kalamu haikukataa.
Nilikataa.

Niliibeba.
Alhamisi, baada ya alasiri, mama yuko matangani,
niliifunika kwa leso yake mwenyewe,
na kila aliyenisalimu nilimwambia naipeleka kwa fundi.
Niliiuza Mwembe Tayari, elfu mbili na mia tatu.
Kitambaa kilikuwa bado mdomoni mwake,
nusu gauni, sindano imezama ndani.
Miaka sita nimehesabu cherehani.
Gauni sikulihesabu.

Niliila karo ya Mishi. Nilipoulizwa nililia,
na machozi yale hayakuwa ya uongo;
ndiyo yanayonitisha hadi leo.

Nataka kuandika kwamba unga ulinituma.
Unga hauna mikono.

Na mabati.
Niliyang'oa usiku, kete mbili asubuhi.
Adhuhuri walimkamata Kombo.
Mstari huu haukuwamo hata kwa kufichwa,
hata kwa i-, hata kwa ya-.
Kombo alipigwa, na mimi nilikuwa kwenye umati.
Nilisema "Mwizi!" pamoja nao.
Niliokota kijiwe. Nilichagua kidogo.
Nilirusha.

Bi Zamzam alisoma ukurasa mzima kimya.
Hakunipongeza. Alisahihisha "magego,"
nilikuwa nimeandika "makego,"
akauliza, "Kombo yuko wapi siku hizi?"
Najua aliko. Anabeba saruji Changamwe,
bega moja liko chini kuliko lingine.
"Basi," akasema, akaita jina lililofuata.

Jioni nilimsomea mama. Alikuwa akipeta mchele
na ungo haukusimama,
si kwa cherehani, si kwa karo.
Nilipofika kwenye nusu gauni nikauliza,
maana lazima niandike jina la mwenyewe:
lilikuwa la nani?

Akatoa kijiwe mcheleni, akakitazama.
"Langu, lile," akasema.