Cheche ya Saa Saba

Nimevuta kamba hata bega likakataa.
Mashine ya farasi kumi na tano, kimya,
na pilau ya harusi ya watu wa Mtongwe
yapoa ndani ya boti, hapa Liwatoni.
Nimeilaumu petroli. Nimeilaumu plagi.
Nimemlaumu hata marehemu aliyeniuzia.

Mwanasha akaja na spana moja.
Akafungua plagi, akainusa:
"Imerowa. Mafuta yafika. Moto ndio haufiki."

Akaiegemeza kwenye chuma. "Vuta."
Jua la saa saba laficha hata cheche,
basi akavuta upande wa buibui,
akajifunika pamoja na mashine,
akaniamuru kutoka gizani humo: "Tena."

Hakuna.

Akafuata nyaya kwa ukucha, polepole,
hadi waya wa kuzimia:
chumvi imeula ngozi, wagusa bodi.
"Moto uko. Wapotelea ndiani,"
akasema, kama aujuaye mshahara wangu.

Utepe mweusi, mizunguko mitatu.
"Njoo uone." Nikainama chini ya buibui:
buluu, nyembamba kuliko uzi,
yaruka pengo.

Mvuto mmoja ukatosha.
Pilau ilifika vuguvugu.
Bibi harusi alikuwa bado anapakwa poda.