Kipindi cha Historia, Langoni

Mwanapwani kasimama, dola moja mkononi:
"Mgeni aliyehama kaiacha kitandani.
Tai utepe kauma, maneno yake ya nini?
Si Kiingereza, jama! Mwalimu, lugha ya nani?"

"Ni lugha yao Warumi, wasotaka mfalme.
Mwaka mmoja, si kumi, wakatawala waume
wawili; kila ulimi huweza sema kinyume.
Anayenguruma 'Mimi!', seneti imsukume.

"Marekani wakaiga seneti, tai, na kura;
rais akivuruga, bunge lizime papara.
Kwetu Lamu hatukwiga, Yumbe lilikuwa shura."
Nilivyovimba! Napiga ubao chaki kwa ghera.

Mwanapwani hajakaa, swali lake lilo fupi:
"Rumi, ng'ambo, na mtaa wetu huu, pote, vipi
alobeba maji, taa, na mikeka: jina lipi?
Baraza likishajaa, mtumwa kakaa wapi?"

Kengele ikaniponya. Sijajibu, nakohoa.
Vitabu wakakusanya, Mwanapwani akatoa
chaki ndogo, akafanya, chini ya "raia", doa.

Nimeshika kifutio. Naliona. Sijafuta.